Maswali na Majibu: Kituo Kisichoua Kinamkataa Nani?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu makazi ya wanyama, yaani vituo vinavyopokea mbwa, paka na wanyama wengine waliokosa wenyewe, na zinauliza kama vituo hivyo vina haki ya kuwaua wale visivyoweza kuwatunza. Nimeyafupisha maswali bila kubadili maana yake. Majina ya waulizaji na ya vituo vinavyolalamikiwa nimeyaacha kwa makusudi, na naomba msiniandikie tena kutaka niyataje.

Nimepata uhamisho kwenda Mtwara na natakiwa kuripoti baada ya wiki tatu. Nina mbwa wawili wa ulinzi, wote wazima. Ni kituo gani hakiui wanyama, ili niwaache huko nikiwa na amani ya moyo? (Mtumishi wa umma, Ilazo)

Swali hili huletwa kwangu kila msimu wa uhamisho, na kila mara mwulizaji ameshakata shauri la kuwaacha mbwa, kilichobaki ni kutafuta mahali ambapo kuachwa huko hakutamsumbua. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba zimeota kwa kasi Ilazo, Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa, na nyingi kati ya hizo zina mbwa ndani ya uzio. Mwenye nyumba au mpangaji anapoondoka, mbwa hubaki getini wakimsubiri mtu ambaye hatarudi. Mpangaji mpya hawataki, mlinzi hana chakula cha kuwapa, na baada ya miezi michache ni hao hao wanaoitwa mbwa koko na kuombewa sumu kwenye mkutano wa mtaa. Wengi hawakuzaliwa mtaani, bali walifikishwa huko na watu wenye kazi, mshahara na gari la kubebea vyombo.

Kituo kinachoahidi kutoua hakikupunguzii wajibu wako hata kidogo. Nafasi atakayoipata mbwa wako, ambaye ameshiba, ana afya na ana mwenyewe, ni nafasi ambayo hataipata yule aliyegongwa barabarani na asiye na mtu wa kumsemea. Kwa hiyo fanya yafuatayo kwa utaratibu huu. Kwanza, uliza kwa dhati kama huwezi kwenda nao: kinachohitajika ni chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo muda wake haujapita, kadi yake, na kibali cha kusafirisha mnyama kutoka ofisi ya mifugo ya halmashauri. Mwajiri anayelipia kusafirisha makochi yako hatashangazwa na mbwa wawili. Pili, kama haiwezekani, watafutie mlezi wewe mwenyewe, kwa sababu unajua ni yupi anaogopa radi na ni yupi hapendi watoto, mambo ambayo hakuna kituo kitakachoyajua kwa wiki ya kwanza. Nenda ukaone nyumba ya mlezi huyo, uone kama kuna kivuli na maji, umkabidhi kadi za chanjo mkononi, kisha umpigie simu baada ya wiki na baada ya mwezi. Usitangaze kwamba unagawa bure kwa yeyote, maana yeyote atakuja. Kituo ni hatua ya mwisho kabisa, na hata hapo uende na mchango wa chakula na dawa, wala usiwafunge mbwa langoni usiku na kuondoka.

Wiki tatu zinatosha ukianza leo.

Katika mjadala wa darasani tulishindwa kukubaliana: kati ya kituo kinachofuata sera ya kutoua na kile kinachofuata sera ya mlango wazi, kipi kina utu zaidi? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Mlishindwa kukubaliana kwa sababu mlilinganisha sera mbili zisizojibu swali moja. Sera ya kutoua inahusu namna mnyama anavyotoka kituoni, na sera ya mlango wazi inahusu namna anavyoingia. Kituo kinachoahidi kutoua, kwa kuwa hakina ardhi wala fedha zisizo na mwisho, hulazimika kuchagua nani aingie. Kituo kinachopokea kila mnyama anayeletwa, kwa kuwa nacho kina mabanda yanayohesabika, siku moja hulazimika kuchagua nani abaki. Uchaguzi upo pande zote mbili, na kinachotofautiana ni mahali unapofanyika na nani anauona. Kwenye mlango wazi unafanyika ndani, kwa mkono wa mtu anayejulikana. Kwenye kutoua unafanyika langoni, na mnyama aliyekataliwa huenda kufa mahali ambapo hakuna rejesta.

Eleweni pia kwamba hata huko Marekani, ambako sera hii imejadiliwa kwa miongo mitatu, kutoua hakumaanishi kwamba hakuna mnyama anayeuawa. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni asilimia 90: kituo huhesabiwa kuwa hakiui iwapo angalau wanyama 90 kati ya kila 100 walioingia wametoka wakiwa hai, kwa dhana kwamba katika kila kundi wapo wachache walio wagonjwa mno au hatari mno. Mwaka 2004 mashirika kadhaa ya nchi hiyo yalikutana Asilomar, California, yakakubaliana namna ya kuwapanga wanyama katika makundi, kuanzia wazima, kupitia wanaotibika, hadi wasiotibika, ili hesabu za kituo kimoja ziweze kulinganishwa na za kingine. Hatua hiyo ilikuwa nzuri, ingawa tatizo liko wazi: anayempanga mnyama katika kundi ni yule yule anayetaka hesabu zake zipendeze.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa San Francisco. Mwaka 1994 shirika la kutetea wanyama la jiji hilo, likiongozwa na Rich Avanzino, lilitia saini makubaliano na idara ya jiji kwamba hakuna mbwa wala paka mzima anayefaa kupata mlezi atakayeuawa. Wanaoisimulia habari hiyo hapa kwetu huacha sehemu yake muhimu kuliko zote, kwamba idara ya jiji iliendelea kumpokea kila mnyama aliyeletwa, nalo shirika likajifunga kuwachukua kutoka huko wale wazima ambao idara haikuweza kuwapatia walezi. Yaani nyuma ya ahadi ya kutoua palikuwa na mlango uliobaki wazi, na pande mbili zilikubaliana kubebeana mzigo. Ahadi bila mlango ingekuwa jambo jingine kabisa.

Na matokeo yapo. ASPCA, shirika la Marekani la kuzuia ukatili kwa wanyama, lilikadiria kwamba idadi ya mbwa na paka waliouawa katika vituo vya Marekani ilishuka kutoka milioni 2.6 mwaka 2011 hadi takriban 920,000 mwaka 2019. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa kufunga vizazi kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, kwa kuwarudisha wanyama waliopotea kwa wenyewe, na kwa watu kwenda kuchukua mnyama kituoni badala ya kununua. Jibu langu kwa darasa lenu ni kwamba mji unahitaji angalau mlango mmoja usiomkataa mnyama yeyote, na vituo vingine vyote viwe wasaidizi wa mlango huo. Kituo kinachojitangaza kuwa hakiui huku kikiwacheka wenzake wanaobaki na wale kiliowakataa hakistahili sifa ya utu.

Paka wetu amezaa tena, mara ya tatu mwaka huu. Watoto watano nipeleke kituo gani? (Mama wa nyumbani, Makole)

Mfunge kizazi. Nimelijibu swali hili tangu safu hii ilipoanza, na bado linakuja na watoto watano wengine kila mara. Paka hubeba mimba kwa takriban siku 63, anaweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha, na mtoto wake wa kike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, kwa hiyo hao watano ulio nao sasa wataanza kukuletea wajukuu kabla ya mwaka kwisha. Wakae na mama yao mpaka wafikishe wiki nane, watafutie nyumba mojamoja, na mama yao apelekwe kwa daktari wa mifugo mara tu atakapoacha kunyonyesha. Hakuna kituo duniani chenye mabanda ya kutosha kwa ajili ya nyumba zisizotaka kufanya jambo hili moja.

Mbwa dume akihasiwa si atakuwa mvivu wa kulinda? (Msomaji, Kizota)

Hapana, atapunguza kutoroka kwenda kutafuta majike, na mbwa aliye nyumbani hulinda vizuri kuliko aliye mtaa wa tatu.

Wananchi wa mtaa wetu wanataka mbwa wote wanaozurura wauawe. Kujenga makazi ya wanyama ni gharama, sumu ni rahisi. Mbona nyinyi wataalamu mnatupinga kana kwamba mbwa ni bora kuliko watoto wetu? (Mjumbe wa serikali ya mtaa, Chang'ombe)

Ndugu mjumbe, napinga sumu kwa sababu ya watoto wenu. Hofu yenu ni ya haki: kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza kuonekana kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo, na takriban visa 99 kati ya 100 vya binadamu duniani hutokana na mbwa. Lakini njia mnayoidai imeshajaribiwa. Kichaa cha mbwa kilipoingia kisiwa cha Flores nchini Indonesia mwaka 1997, mamlaka ziliamua kuua mbwa kwa wingi, wakauawa maelfu kwa maelfu, na ugonjwa ukabaki kisiwani. Sababu zake mtazitambua nanyi. Watu huwaficha mbwa wao au kuwahamishia kijiji cha jirani, na hivyo kuutembeza ugonjwa. Nafasi iliyoachwa hujazwa na watoto wa mbwa wasiochanjwa na wageni kutoka kwingine, maana chakula kilichowavuta, yaani taka za soko na mabaki ya machinjioni, bado kipo pale pale. Juu ya hayo, mtego wa sumu humuua mbwa aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, mkawa mmeteketeza ngao ambayo halmashauri ilishailipia.

Kinachofanya kazi ni kuchanja. Mkifikia mbwa 70 kati ya kila 100 na kurudia kila mwaka, ugonjwa hukosa mahali pa kupita. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi: Pemba kichaa cha mbwa kiliondolewa kwa kampeni za kuchanja, kikaletwa tena kutoka nje ya kisiwa, kikaondolewa kwa mara ya pili kwa chanjo zile zile. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, katika kanuni zake kuhusu idadi ya mbwa, linaelekeza serikali kwenye uwajibikaji wa wenye mbwa, chanjo, kufunga vizazi na udhibiti wa taka, na halikubali kwamba kuua peke yake kunamaliza tatizo.

Kuhusu wepesi wa sumu, ni lazima ujue unachokiomba. Sumu iitwayo striknini humkakamaza mnyama misuli yote huku akili yake ikiwa timamu, mpaka anashindwa kuvuta pumzi. Nyama iliyotegwa usiku huliwa pia na kunguru, na tai, na mbwa wa mfugaji aliyekuja mnadani, na inaweza kuokotwa na mtoto. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na kifo cha namna hiyo hakiwezi kupatanishwa na sheria hiyo kwa maelezo yoyote ya bajeti. Mkiwa na fedha kidogo, msijenge makazi na msinunue sumu: mwombeni daktari wa mifugo wa jiji siku moja ya chanjo mtaani kwenu, hasa karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na simamieni taka zizolewe kwa wakati.

Mtoto wangu wa miaka saba ameng'atwa jana na mbwa mdogo tuliyemwokota. Nilimpigia mtu wa kituo aje amchukue, akakataa kwa kuwa mbwa ameshang'ata. Je, tumuue? (Baba, Nkuhungu)

Acha kusoma na umpeleke mtoto hospitali sasa, kama hukumpeleka jana. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama saa nyingi zimepita, na chanjo zifuatwe mpaka sindano ya mwisho hata kama jeraha limeshapona. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje ndipo uanze.

Mbwa msimuue na msimfukuze. Mfungeni mahali salama, mumpe chakula na maji bila kumgusa, na afisa mifugo wa kata ajulishwe ili mbwa huyo aangaliwe kwa siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipong'ata, na hiyo ni habari ambayo mbwa aliyeuawa na kutupwa hawezi kumpa daktari wa mtoto wako. Akifa au akibadilika tabia, afisa atajua namna ya kupeleka kichwa maabara. Kuhusu kituo kilichokataa, kilifanya sawa kutomchanganya na mbwa wengine, ila kilikosea kukata simu bila kukuambia haya niliyokuambia mimi.

Nina ekari mbili Nala na nimepata kiinua mgongo changu. Nataka kuanzisha makazi yatakayopokea kila mnyama na yasiyoua hata mmoja. Unanishauri nini? (Mstaafu)

Mzee wangu, shikamoo, na nakuheshimu kwa nia hiyo. Hata hivyo nakusihi usiweke hata tofali moja kabla hujapiga hesabu moja, ambayo ndiyo iliyoviangusha vituo vingi vyenye watu wa moyo mwema.

Idadi ya wanyama utakaokuwa nao haitegemei wanaoingia peke yao, inategemea pia muda wanaokaa. Ukipokea kumi kwa mwezi na kila mmoja akakaa wastani wa miezi mitatu kabla ya kupata mlezi, utakuwa na wanyama 30 siku zote. Wastani huo ukifika miezi sita watakuwa 60, ingawa langoni bado wanaingia kumi tu. Sasa ongeza wale ambao hawatapata mlezi kamwe, kwa sababu ni wazee, wakali au wana kilema. Wakiwa wawili tu kwa mwezi, kila mwaka wanakuongezea 24 wasioondoka, na mbwa anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Kwa kuwa umeahidi kupokea wote na kutoua hata mmoja, hesabu hiyo haina mahali pa kushukia. Itashukia kwenye mabanda: watatu katika nafasi ya mmoja, kisha watano.

Kinachofuata nimekiona katika kituo ambacho sitakitaja. Mbwa waliosongamana hupigana, wanyonge hawali, na waliofungwa miaka huzunguka banda kutwa au kujilamba miguu mpaka vidonda. Ugonjwa wa parvo ukiingia kwa mtoto mmoja wa mbwa asiyechanjwa huua wengi kwa siku chache, na virusi vyake hubaki kwenye udongo mwaka mzima au zaidi, kwa hiyo banda lisilo na sakafu ya saruji inayooshwa kwa jiki halisafishiki kabisa. Wageni wote wanapaswa kukaa karantini ya wiki mbili mbali na wenzao, jambo ambalo aliyejaza kila kona hawezi kulifanya. Fikiria pia maji, maana uko Dodoma: mbwa wa kilo 20 huhitaji kama lita moja ya kunywa kwa siku, na zaidi wakati wa joto la Novemba, kabla hujaosha hata banda moja. Wanyama wanaokufa hivyo hawaandikwi kuwa wameuawa, na kituo huendelea kujiita kisichoua. Mateso ya namna hiyo, yanayoletwa na upendo usio na kikomo wa idadi, ndiyo yanayoniuma kuliko mengine yote katika kazi hii.

Ushauri wangu ni huu. Chukua sehemu ya kiinua mgongo ukubaliane na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, mfunge vizazi vya mbwa na paka wa Nala na mitaa ya jirani ambao wenyewe hawana uwezo wa kulipa, na mchanje papo hapo. Jike mmoja aliyefungwa kizazi anakuondolea langoni watoto ambao usingeweza kuwahesabu. Kisha, kama bado unataka kulea, amua leo idadi ambayo hutaivuka, iandike ukutani, na uwe tayari kusema kwamba nafasi imejaa. Na zungumza mapema na daktari huyo kuhusu siku ambayo mnyama atakuwa na maumivu yasiyotibika, kwa sababu siku hiyo itakuja, na ahadi ya kutoua hata mmoja siku hiyo itakuwa ahadi ya kumtesa.

Je, kumuua mnyama kwa huruma si ukatili tu uliopewa jina zuri? (Msomaji, Mpwapwa)

Inategemea sababu na inategemea mkono. Mbwa mwenye kichaa, paka aliyevunjika uti wa mgongo, mnyama mwenye uvimbe unaomzuia kula: hao kuwaacha waendelee ili sisi tujisikie wema ni ukatili. Daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari hutumia dawa ya usingizi kama pentobabito, ambayo ikiingia kwenye mshipa humpotezea mnyama fahamu kwa sekunde chache kabla moyo haujasimama. Kumuua mnyama mzima kwa sababu banda linahitajika ni jambo tofauti, na wanaolifanya wasilifiche chini ya neno huruma. Ni kushindwa, kwao na kwetu tuliompeleka, na liitwe hivyo.

Kituo kilimkataa mbwa wangu wa miaka kumi na mbili, wakasema wamejaa. Hawaui, lakini hawapokei pia. Huo si unafiki? (Mama, Kikuyu)

Kama walikuwa wamejaa kweli, hapana. Kituo kinachokubali kusema kimejaa kinawalinda wale waliomo, na nimetoka kueleza hapo juu kinachotokea kisiposema. Unafiki ungekuwa kuwakataa wazee na wagonjwa tu, huku watoto wa mbwa wenye manyoya mazuri wakipata nafasi siku hiyo hiyo, halafu mwisho wa mwaka kituo kitangaze kwamba karibu wote walioingia walitoka hai. Waulize kama wana orodha ya kusubiri, na kama wana daktari wa kukushauri wakati unasubiri.

Lakini mama yangu, mbwa wa miaka kumi na mbili amekulindia nyumba tangu watoto wako wakiwa wadogo. Barua yako haisemi kwa nini aondoke. Kama ni maumivu ya viungo, yapo matibabu. Kama ni kukojoa ndani, huenda ni ugonjwa. Kama ni uzee tu, basi abaki. Mbwa mzee anayehamishiwa kwenye kelele za mabanda mara nyingi huacha kula, na hakuna mfanyakazi wa kituo, hata awe mwema namna gani, anayeweza kuwa wewe kwake.

Nchi nyingine zimepiga marufuku kisheria kuua mbwa wasio na wenyewe. Kwa nini Tanzania tusiige? (Mwanasheria, Area D)

Italia ilifanya hivyo kwa Sheria namba 281 ya mwaka 1991, inayoruhusu kumuua mbwa aliyeokotwa pale tu anapokuwa mgonjwa mahututi, asiyetibika au aliyethibitika kuwa hatari. Ni sheria ninayoiheshimu. Matokeo yake katika maeneo mengi ya kusini, hata hivyo, yalikuwa mbwa kuishi maisha yao yote kizimbani, katika mabanda ya watu binafsi wanaolipwa na manispaa kwa kila mbwa kwa kila siku, na mtu anayelipwa hivyo hana haraka ya kumtafutia mbwa mlezi. India nayo ilitunga kanuni mwaka 2001, ikazibadilisha mwaka 2023, zinazotaka mbwa wa mitaani wakamatwe, wafungwe vizazi, wachanjwe na kurudishwa walikotoka. Pale zilipopewa fedha na madaktari zimefanya kazi, na pale zilipobaki karatasini mbwa wameongezeka na hasira za watu pia.

Kwa hiyo, wakili, kabla ya kudai katazo, dai fungu la fedha. Ningependa kuona bajeti ya kila halmashauri ikiwa na mstari wa chanjo ya mbwa na mstari wa kufunga vizazi. Katazo la kuua lisilo na mistari hiyo miwili litazalisha mabanda yaliyofurika mijini na sumu ya siri vijijini.

Nataka kuchangia fedha kila mwezi. Nitajuaje kituo ni kizuri? (Mfanyabiashara, Majengo)

Omba hesabu za mwaka mmoja, nazo ziwe na idadi hizi zote: waliopokewa, waliokataliwa, waliopata walezi, waliorudishwa kwa wenyewe, waliokufa wenyewe, waliouawa na kwa sababu gani, na waliopo leo. Waliokataliwa na waliokufa wenyewe ndizo safu mbili zinazofichwa mara nyingi, na kituo kisichoweza kukupa safu hizo usikipe fedha zako, hata kiwe na picha nzuri kiasi gani za watoto wa mbwa. Kisha nenda bila taarifa, saa za kulisha. Angalia kama karantini ipo kweli, kama maji yako kwenye kila banda, na kama kila mnyama anayetoka kwenda kwa mlezi ameshafungwa kizazi. Kituo kinachogawa majike wasiofungwa kizazi kinajitengenezea wateja wa mwakani.

Mnazungumzia mbwa na paka tu. Mimi nina punda jike aliyezeeka, hawezi tena kubeba maji. Wapo watu wanataka kumnunua, sijui wanampeleka wapi. Kuna kituo kinachopokea punda? (Mkulima, Bahi)

Swali lako ni la mkoa huu hasa, maana Dodoma palikuwa na machinjio ya punda, na punda waliletwa hapa kutoka mbali ili ngozi zao zisafirishwe nje kutengenezewa dawa za asili za Kichina. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo idadi ya punda haiwezi kamwe kushindana na kasi ya machinjio. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Mnunuzi anayetaka punda mzee asiyeweza kazi, na asiyekwambia anampeleka wapi, usimuuzie, na mtaje kwa afisa mifugo wa kata.

Usitegemee kituo kwa mnyama wa ukubwa huo, kwani vituo vingi havina malisho. Mpe mapumziko nyumbani. Punda mzee halazimiki kubeba ili astahili kukaa: mwache na mwenzake, kwa sababu punda aliyetengwa hudhoofika, akaguliwe meno, maana yakichakaa hawezi kutafuna majani makavu ya kiangazi, na umchanganyie pumba na maji ili zilainike. Kwato zikatwe zikirefuka. Ikifika siku hawezi kusimama mwenyewe asubuhi, mwite daktari wa mifugo aje hapo nyumbani, na usimwache aondoke kwenye lori.